Silinda ya Tatu

Bloku ni ya elfu moja mia nne,
nimeitoa kwenye teksi iliyofia Njia Panda.
Hedi ni ile ile ya Datsun ya mama, elfu moja mia mbili:
chumba kidogo, mbano mkali.
Mafundi wa Pasua wakaniambia, dada, hizi hazioani.
Nikawajibu, ndoa ngapi za mji huu zimeoana?

Gulamali akavuta droo iliyoshika kutu,
akanitandikia kemshafti mbili juu ya gazeti.
"Hii ya mashindano, binti. Italia kama nyigu."
Nikaigeuza mkononi. Nzuri, inashawishi,
vipeo vyake virefu, vinang'aa kwa grisi.
Lakini nyigu huyo haamki kabla ya mizunguko elfu nne,
nami naijua kona ya Kirima wakati wa masika:
gia ya pili, matope, mikungu mitano ya ndizi nyuma.
Pale huhitaji kelele.
Pale unahitaji bega.
Nikachukua ya pili, fupi, isiyo na sifa.
Akanipunguzia elfu tano, kwa huzuni.

Pistoni nne tulizipima kwa mzani wa sonara.
Tatu ndugu; ya nne ilikuwa imeshiba,
gramu nne zaidi.
Nikaisugua upande wa ndani kwa msasa
tangu adhana ya adhuhuri hadi giza,
nikisugua, nikipima, nikisugua,
sonara akiuliza kama natafuta dhahabu.

Halafu mlima.
Hapa mjini plagi zinatoka rangi ya chai ya maziwa.
Panda mpaka Umbwe, zinatoka nyeusi, masizi matupu.
Hewa imepungua, kabureta haina habari,
inamimina tu, kama mwenyeji asiyeona mgeni ameshiba.
Nina jeti sita ndani ya kopo la kiwi.
Nimejaribu ya mjini, nimejaribu ya juu,
nikaishia na moja ya katikati:
asubuhi Majengo inakohoa,
jioni Kibosho inahema,
lakini njia nzima inakwenda.

Ikawaka Jumamosi.
Ikawaka, ikachechemea.
Elisaria akasema koili.
Mdogo wake akasema platini.
Jirani, aliyekuja kuazima pampu,
akasema petroli ya siku hizi ina maji, akaondoka na pampu.
Nikabadilisha koili. Nikabadilisha platini.
Inachechemea.

Mama akatoka ndani na kandambili zake.
Miaka thelathini na mmoja alikuwa mkunga wa Kibosho,
na gari hili ndilo lililompandisha usiku,
taa moja, wakati mwingine hakuna.
Sikio la kushoto limekwisha siku nyingi.
"Nipe bisibisi ndefu," akasema.

Akaweka ncha juu ya chuma, mpini sikioni,
akafumba macho,
jinsi alivyokuwa akiinamia matumbo ya watu
na kile kipembe chake cha mti,
wanaume wakiwa wamefukuzwa nje.
Hata Elisaria alirudi nyuma hatua mbili, bila kuambiwa.

"Wa kwanza mzima.
Wa pili mzima."
Akasogeza ncha.
"Huyu wa tatu anachelewa kufunga mlango."

Nikazima. Nikafungua kifuniko.
Tapeti ya tatu, upande wa eksozi:
nati haikukazwa.
Mimi mwenyewe, Ijumaa usiku, simu ikiita.
Nikapitisha kibati cha kupimia, kikapita,
nikaongeza cha pili, kikapita navyo kilegevu.
Nikakaza mpaka kibati kimoja kikakwama kidogo,
kile kukwama unachokijua kwa vidole, si kwa namba.

Nikawasha.

Glasi ya maji niliyoiacha juu ya hedi
ilitetemeka ukingoni tu, duara moja ndogo.
Elisaria akapiga mluzi.
Nikamtazama mama, nikingoja neno.
Alikuwa anafuta bisibisi kwa pindo la kanga.

"Honi je?" akauliza.

Honi hailii.
Hakuna aliyeikumbuka honi.